Umezoea kuchokonoa sikio? Yaliyonikuta mimi haya hapa!

Wiki hii tuyaweke kando mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila hata kufikiri: kuchokonoa sikio.

Mimi nilikuwa bingwa. Njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, ufunguo, pini ya nywele ya dada yangu, chochote chembamba kilichokatiza mbele yangu kilikwenda sikioni. Nikipata hela nanunua zile pamba za vijiti, najiona mstaarabu kuliko wenzangu. Na raha yake jamani mnaijua, mtu unafumba macho kabisa!

Sasa Jumapili moja tukaenda Coco Beach na washikaji, tukaogelea weee mpaka jioni. Kutoka majini, sikio la kulia limeziba. Nikaruka kwa mguu mmoja, nikainamisha kichwa, wapi! Sauti yangu mwenyewe naisikia kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nyumbani nikachukua kijiti nikazidi kushindilia. Jumanne konda ananidai nauli, mimi namtazama tu, abiria wanacheka. Usiku ule maumivu yakaanza, yaani ukiligusa sikio machozi yananitoka. Bi mkubwa akabandika mafuta jikoni anitilie yangali ya moto. Nilitoka mbio.

Asubuhi nikajikuta kwenye benchi la kliniki ya masikio, pua na koo. Kulia kwangu kulikuwa na kijana ambaye bila chupa yake ya dawa ya kuzibua pua hapumui. Aliitumia kwa mafua ya siku tatu, akanogewa, sasa ni miezi. (Dawa zile ukizidisha wiki moja, zenyewe ndizo zinazoanza kuiziba pua. Unatia, inafunguka, inaziba tena vibaya zaidi, unatia tena.)

Kushoto kwangu alikaa mama mmoja na binti yake wa miaka kama minne, amelala mapajani, midomo imekuwa myeupe. Kanga ya mama ina madoa ya damu. Nikamuuliza, dada, mtoto kafanya nini? Akajibu kwa sauti ya chini kwamba amekatwa kimeo.

Mtoto alikuwa anakohoa mwezi mzima. Dawa za kikohozi za dukani zikagonga mwamba. Jirani akasema hicho ni kimeo, akampeleka kwa fundi anayesifika mtaani kwao. Kazi ya dakika moja. Damu ikatoka usiku kucha, mtoto anaimeza na kuitapika. Nesi alipopita akamwona, hakungoja foleni. Akambeba akaingia naye ndani, mama anamfuata nyuma na kandambili moja mguuni.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshasahau hata maumivu. Daktari akachungulia kwa kitochi chake, akaguna, akauliza, "Kijana, huwa unalisafisha kwa nini?" Nikaona aibu kujibu. Akaingiza kikoleo chembamba, akatoa kipande cha pamba kilichokuwa kimelala humo sijui tangu lini, kimezungukwa na nta nyeusi. Ngozi ya ndani ilikuwa imechubuka na kuingiwa na vijidudu.

Akanipa somo. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5 tu, na mwisho wake ndiyo ngoma ya sikio, ngozi nyembamba ajabu. Ile nta tunayoiita uchafu inatengenezwa sehemu ya nje ya njia hiyo, na kazi yake ni kunasa vumbi na kuilinda ngozi. Ngozi yenyewe inasogea polepole kuelekea nje ikiibeba nta, na unapotafuna, taya linasaidia. Yaani sikio linajisafisha lenyewe, bwana! Ukiingiza kijiti unatoka na kidogo unachojivunia, kingi unakisindilia ndani. Siku ukiogelea, nta inavimba kwa maji na sikio linaziba ghafla. Mkono ukiteleza, ngoma inatoboka. Mara nyingi hujifunga yenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini si kila mara.

Nilipewa matone ya kuua vijidudu na amri ya kutotia maji sikioni wiki nzima. Nta iliyobaki ingesubiri. Kwa aliyezibwa na nta tu, bila maumivu wala usaha, mafuta ya zeituni matone machache kwa siku chache yanailainisha (si ya moto, bi mkubwa!), ikikataa ndipo hospitali wanaisukuma kwa maji ya uvuguvugu na bomba. Lazima uvuguvugu, maji ya baridi yanaleta kizunguzungu cha kukuangusha. Na wakague ngoma kwanza kama ni nzima. Usaha ukitoka zaidi ya wiki mbili, hilo ni sikio sugu, usiseme litapona mtoto akikua. Linaua usikivu, na ugonjwa unaweza kupanda mpaka kwenye ubongo.

Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza kuhusu yule mtoto. Akavua miwani. Kimeo, alisema, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa na kila mtu anacho, kinasaidia chakula kisipande puani unapomeza. Kikohozi cha muda mrefu kina kwake: pumu, nimonia, kifua kikuu. Ukikata kimeo, ugonjwa unabaki palepale, na umeongeza mengine juu yake: kuvuja damu, pepopunda, na kama kifaa kimoja kimepita kwa watoto wengi, virusi vya UKIMWI. Mtu akikohoa wiki mbili akapimwe kifua kikuu, na katika hospitali za serikali vipimo na dawa zake ni bure. Bure! Fundi alikuwa amelipwa.

Wiki iliyofuata nikarudi. Bomba likapita, kitu kama punje ya kahawa kikaangukia kwenye bakuli, na dunia ikarudi na kelele zake zote. Natoka, nakutana na yule mama koridoni, binti yake anatembea mwenyewe, ameshika andazi. Aliongezwa damu, akapona kidonda. Ila kikohozi kiliendelea vilevile, wakampima, wakakuta ni kifua kikuu. Ameanza dawa. Na baba yake, ambaye naye anakohoa tangu mwaka jana, ameambiwa aje Jumatatu.