Nyumba ya Ushirika: Wote Tuingie kwa Mlango wa Mbele

Tukitaja ulemavu na afya, wengi wenu mnawaza hospitali, magongo na vidonge. Leo tuzungumzie fundi na matofali, maana kuna magonjwa yanaanzia kwenye ramani ya nyumba.

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili anayetumia kiti cha magurudumu. Anaishi na mama yake kwenye chumba cha kupanga, tuseme Lizaboni au Mfaranyaki. Choo kiko nyuma ya nyumba, mlango mwembamba, mbele yake ngazi mbili na tope la masika. Akitaka kwenda lazima abebwe. Sasa afanyeje? Anapunguza kunywa maji. Anajibana mpaka mama arudi sokoni. Mkojo ukikaa sana kwenye kibofu, vijidudu huzaliana, na maambukizi ya njia ya mkojo yakipuuzwa yanaweza kufika kwenye figo. Siku za hedhi ndiyo taabu zaidi. Na je, mama akisafiri, nani atambeba usiku? Mpangaji jirani? Hapo ndipo mtu mbaya hupata nafasi ya kumdhulumu, naye msichana anaogopa kusema kwa sababu kesho atamhitaji mtu huyohuyo. Mama naye, kwa kubeba kila siku, mgongo umekwisha.

Choo hicho kingejengwa vizuri tangu mwanzo, sehemu kubwa ya mateso haya isingekuwepo.

Fundi aambiwe nini?

Mlango uache nafasi ya kupita isiyopungua sentimeta 80, kwa hiyo fremu ya 90 inafaa. Kizingiti kiondolewe. Badala ya ngazi, iwekwe njia ya mteremko, na hapa hesabu yako ya darasani inafanya kazi: kila sentimeta 1 ya kupanda inahitaji sentimeta 12 za urefu. Kibaraza kikiwa juu kwa sentimeta 30, njia iwe na urefu wa mita 3 na sentimeta 60. Mafundi wengi hukata hapa, wanajenga mteremko mfupi mkali kama paa la banda, halafu mtu anarudi kinyumenyume na kiti chake! Sakafu ya njia hiyo iwe na mikwaruzo isiteleze mvua ikinyesha. Ndani ya choo na jikoni kuwe na nafasi ya kugeuza kiti, duara la mita moja na nusu. Kiti cha choo kiinuliwe, pembeni kuwe na vyuma vya kushikilia, na komeo liwe ndani, mahali mhusika anapofikia. Asiyeona vizuri atasaidiwa na rangi tofauti kati ya mlango na ukuta.

Eti ni ghali? Mlango mpana hupunguza matofali. Gharama kubwa huja pale unapobomoa nyumba iliyokwisha kujengwa ili kurekebisha.

Lakini kiwanja kinatoka wapi?

Hili ndilo swali gumu. Familia nyingi zenye mtu mwenye ulemavu zina mshahara mmoja au hazina kabisa, maana mmoja lazima abaki nyumbani kuangalia. Mpangaji naye hawezi kubomoa ukuta wa mwenye nyumba.

Sisi watu wa Ruvuma tunaujua ushirika. Kahawa ya Mbinga na korosho za Tunduru zinapita huko. Ushirika wa nyumba ni wazo lilelile, ila hapa mnanunua ardhi pamoja na kujenga pamoja. Tuseme familia 20, kila moja inaweka shilingi 5,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 5,200,000. Familia moja peke yake ingekuwa na 260,000 tu, na hakuna anayegawa kiwanja kwa hiyo.

Mfano upo Dar es Salaam. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini katika miaka ya 2000, wapangaji hawakulipwa fidia kama wenye nyumba. Wanachama wa vikundi vya kuweka akiba wakaungana, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuunda ushirika wa nyumba. Matofali walifyatua wenyewe, wanawake kwa wanaume. Nyumba zilichorwa ili zianze ndogo, kisha vyumba viongezwe pesa ikipatikana. Sitaki kuwapamba, kazi ilikwenda polepole, na Chamazi ni mbali na bandari walikozoea kupata vibarua.

Umbali huo kwetu ni onyo kubwa. Zamani waliougua ukoma walitengewa makazi yao pembeni, kama Nunge kule Kigamboni. Bei ya kiwanja ikiwa ndogo kwa sababu kiko bondeni nje ya mji, mtoto atafikaje shule na hospitali? Afadhali viwanja vichache karibu na barabara ya daladala, na majirani wasio na ulemavu wawemo kwenye ushirika huohuo.

Kuandikisha, mnaanzia kwa afisa ushirika wa Manispaa. Vyama hivi vinafuata Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Ni ya shughuli za kuingiza kipato, hivyo kikundi cha kufyatua matofali kinaweza kuomba.

Ukikutana na wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu, swali lao la kwanza mara nyingi si la pesa. Wanauliza, "Nikifa, nani atamlinda asifukuzwe na ndugu?" Kwa hiyo katiba ya chama iandikwe mapema: mtoto huyo atajwe kwa jina kuwa mrithi wa uanachama, msimamizi wake achaguliwe mzazi angali hai, na nyumba isiuzwe bila kura ya mkutano mkuu. Na mkutano wa kupitisha ramani ufanyike mahali kiti cha magurudumu kinaingia. Mkalimani wa lugha ya alama awepo, na yule msichana wa kidato cha pili aulizwe mwenyewe komeo liwekwe wapi.