Kichocho Hakiishi kwa Vidonge Peke Yake

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi kupita Liuli hadi Mbamba Bay, mtoto akikojoa damu si kila mzazi hushtuka. Wapo wanaosema ni kukua tu. Sisi wauguzi tunasema wazi kwamba huo ni ugonjwa, jina lake kichocho. Usipotibiwa unaharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi unaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa akina mama huumiza njia ya uzazi, ukaleta kutokwa damu na ugumba, na vidonda vyake huvirahisishia virusi vya UKIMWI njia ya kuingia. Mama wa namna hiyo huweza kutibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, mara nne, asipone, na nyumbani mumewe anamtazama kwa jicho baya bila kosa lolote.

Dawa ipo. Praziquantel hunywewa mara moja, na shuleni mtoto husimamishwa kwenye ufito wenye alama, kimo chake ndicho kinachoonyesha idadi ya vidonge. Anywe akiwa amekula. Lakini vidonge huua minyoo iliyomo mwilini siku hiyo. Havimkingi mtoto na ile ya kesho. Akitoka shuleni anakwenda ziwani, na ziwa ni lile lile. Kwa hiyo leo tunataka kuzungumza juu ya konokono, samaki na chandarua, na namna watu wanavyofundishana kutunza mahali wanapoishi.

Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu vyake vinatafuta konokono wa aina fulani. Ndani ya konokono huongezeka kwa maelfu, kisha hutoka, hasa mchana jua likiwa kali, saa ile ile watoto wanaogelea na akina mama wanafua. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu.

Zamani iliaminika kwamba kichocho ni cha madimbwi na matete, na kwamba ufuko wa mchanga wenye mawimbi ni salama. Watafiti waliofanya kazi Cape Maclear, upande wa Malawi wa ziwa hili, walikuta mambo mengine. Yuko konokono anayeishi kwenye mchanga, Bulinus nyassanus, naye hubeba kichocho. Yuko pia samaki anayemla konokono huyo, Trematocranus placodon, mwenye meno ya kusagia kooni ambayo huvunja gamba kama sisi tunavyovunja karanga. Samaki huyo alikuwa amepungua sana kwa kuvuliwa kupita kiasi karibu na ufuko. Kwa maoni yao, hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya kichocho kiongezeke huko tangu miaka ya 1980. Konokono walibaki bila adui.

Sasa njoo kwenye chandarua. Kilitolewa ili mama mjamzito na mtoto mchanga walale chini yake. Kikishonwa na vingine viwili vitatu kinakuwa wavu ambao haupitishi hata samaki aliyezaliwa juzi, na hukokotwa pale pale kwenye maji mafupi ambako samaki wengi hukulia. Nyumba imekosa kinga ya malaria, na ziwa limekosa walaji wa konokono. Ugonjwa mmoja umeachiwa mlango wa mbele, mwingine wa nyuma.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza kokoro na nyavu zenye matundu madogo. Nyavu hukamatwa na kuchomwa moto. Hatupingi sheria, lakini mama akiulizwa kwa nini amekipeleka chandarua ziwani, hujibu kwamba malaria ni ya kesho na mboga ni ya leo. Huyo si mjinga. Amepiga hesabu yake sawasawa kwa tarakimu alizonazo. Tarakimu ambayo hakupewa ni kwamba damu katika mkojo wa mwanawe na samaki wadogo waliomo katika ndoo yake ni habari moja. Hakuna aliyekaa naye akamweleza. Alielezwa faini tu.

Kufundishana kwa namna nyingine tunakujua sisi wenyewe, juu milimani Umatengo. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya kilimo cha ngoro, naye alikikuta tayari ni cha zamani. Wanaume hufyeka majani mwishoni mwa masika na kuyapanga kwa miraba juu ya mteremko. Akina mama huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Hapo hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutulia ndani ya mashimo, udongo haushuki, majani yanaoza na kuwa mbolea. Hakuna bango lililowahi kumfundisha Mmatengo kuchimba ngoro. Msichana alishika jembe kando ya mama yake. Wavulana walikula na wazee kwenye sengu, na penye chakula ndipo mambo ya shamba, mto na ugomvi wa mipaka yalipozungumzwa.

Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na watafiti wa Kijapani walijifunza jambo hilo katika kijiji cha Kindimba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati yao ikaitwa Sengu. Mashine inataka mto usikauke, basi watu wakapanda miti na kutunza vyanzo vya maji. Unga ulifanya kazi ambayo hotuba isingeiweza.

Ufukweni nako tuanzie kwenye chungu. Mwalimu wa darasa la tano awapeleke watoto kwa mvuvi anayefahamika, wamwombe kichwa cha samaki huyo, wakipasue koo. Meno yale yanaonekana bila darubini. Kisha wakusanye konokono kwa koleo au kijiko kirefu, bila kuingia majini, wawahesabu. Mtoto aliyeona hivyo atayasimulia jioni wakati wa kula, na baba atasikia bila kuitwa mkutanoni. Wavuvi nao, katika vikundi vyao vya kusimamia ufukwe, wakubaliane ni sehemu ipi ya maji mafupi iachwe bila kukokotwa, maana wao ndio wanaojua mazalio yalipo kuliko sisi na kuliko bwana samaki.

Huku hayo yakiendelea, choo kiwe karibu na mahali pa kutengenezea nyavu, kwa sababu mvuvi hatapanda kilima kwenda kukojoa. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani, bila konokono ndani, yakikaa siku mbili katika chombo, vijidudu hufa. Chandarua kilichotoboka kishonwe, kirudi kitandani. Na mama anayetokwa damu pasipo sababu aje kliniki, aseme wazi kwamba amekulia ziwani, ili muuguzi afikirie kichocho kabla ya kumwuliza habari za mumewe.