Alama ya Biashara ni Amana

Hivi karibuni alitujia mama mmoja wa mji wetu pamoja na wanawe wawili. Mama huyu ni fundi wa kupika visheti na kashata, na baada ya miaka mingi ya kuwapikia majirani ameazimia kuvitia katika pakiti na kuvipeleka madukani. Wanawe walikwisha mchorea alama ya biashara, nao wakataka rai yetu kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Tukaitazama karatasi yao: juu pana msikiti wa minara miwili, na mwezi mwekundu, chini pana ngamia na mtende, na katikati, kwa khati nzuri ya Kiarabu, Jina la Mwenyezi Mungu. Rangi zake zilikuwa sita.

Nia yao ilikuwa njema bila ya shaka. Lakini tulimwuliza mkubwa wao suala moja tu: "Mwanangu, mtu akishakula kisheti, pakiti huitupa wapi?" Akainamisha kichwa, asijibu.

Kwa kuwa vijana wengi wa Kiislamu siku hizi wanajifungulia biashara zao, tumeona yafaa tuyaeleze hapa tuliyoyazungumza siku ile.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Amepokea Imam Bukhari na wengineo kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nje ya Arabuni, aliambiwa kuwa watu wale hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Akafanyiziwa pete ya fedha, ikachorwa maneno matatu katika mistari mitatu: Muhammad, Rasul, Allah. Kisha akawakataza watu wengine wasichore pete zao kwa mchoro ule. Baada yake pete hiyo ilivaliwa na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman, mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris huko Madina, ikatafutwa siku tatu isionekane.

Katika khabari hii tunapata mafunzo matatu. Kwanza, alama humthibitishia mtu wa mbali, asiyekujua, kwamba kitu hiki kimetoka kwako. Pili, alama njema ni fupi. Tatu, alama ni ya mwenyewe, haiigwi.

Kijana mdogo akauliza: "Je, Maalim, pete ile si ilikuwa na Jina la Mwenyezi Mungu?" Tukamjibu: Naam, lakini pete ilikaa kidoleni mwa mwenye kuitukuza, pakiti mwisho wake ni jaani. Mwaka 1997 kampuni ya viatu ya Nike, ya Marekani, ilitoa viatu vilivyoandikwa neno kwa herufi zenye umbo la miali ya moto, na Waislamu wakaona zimefanana na Jina la Allah kwa Kiarabu. Kampuni ikaomba radhi na ikaviondoa viatu hivyo sokoni. Ikiwa wao walirudi nyuma, itakuwaje sisi tulitupe Jina hilo mitaani kwa mikono yetu?

Ama ule mwezi mwekundu, watu wengi hawajui kuwa si pambo. Dola ya Uthmaniya iliutumia kuanzia mwaka 1876 kwa wahudumu wa majeruhi vitani, na mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ukautambua. Ni alama ya kuwalinda waganga na majeruhi wasipigwe, na sheria inakataza kuutumia katika biashara, hata duka la dawa.

Na wingi wa mapambo nao ni kasoro. Alama ya kampuni hiyo tuliyoitaja ni mstari mmoja tu uliopinda, uliochorwa mwaka 1971 na mwanafunzi Carolyn Davidson kwa ujira wa dola 35. Basi ijaribuni alama yenu hivi: ichoreni kwa wino mweusi peke yake, kisha ipunguzeni hata itoshe juu ya kifuniko cha chupa. Ikiwa bado yatambulikana, ni njema. Kisha mwonyesheni mtoto kwa kitambo kidogo, mwambieni aichore kwa kukumbuka. Akiweza yeye, mnunuzi naye ataikumbuka. Na kwa kuwa wanazuoni wamekhitilafiana juu ya sura za wenye roho, penye mtende, dau na sinia pana haja gani ya kuingia katika khitilafu?

Kisha iandikisheni. Tanzania Bara mambo haya yako kwa BRELA, Zanzibar kwa BPRA, na Kenya kwa KIPI. Alama iliyoandikishwa hulindwa Kenya kwa miaka 10, na Tanzania Bara kwa miaka 7, ndipo hutakiwa kufanywa upya. Kabla ya kuandikisha, tafuteni kama haiko ya mwingine iliyofanana nayo. Kwani kufananisha alama yako na ya mwenye sifa ili mnunuzi akosee, huko ni kula jasho la mtu na kumkhadaa mwingine kwa pamoja.

Baada ya wiki mbili walirejea. Sasa palikuwa na duara moja, mfano wa sinia, na ndani yake kisheti kimoja. Chini yake jina la mama. Rangi moja tu, ya kahawia. Mama akaitazama kwa muda, akasema: "Sasa nikipika vibaya, jina langu ndilo litakaloharibika."

Hilo ndilo neno. Bwana Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta juu pakavu na ndani pamerowa, akamkemea mwuzaji na kumtenga mwenye kughushi na umma wake. Alama nzuri juu ya bidhaa mbovu ni nafaka kavu juu ya iliyorowa. Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki chumo za vijana wetu, na azifanye alama zao mashahidi wa kweli. Amin.