Picha nzuri huanzia machoni

WATU wengi huamini kuwa picha nzuri hutokana na kamera ya bei kubwa. Hata hivyo, wapo wanaobadilisha kamera au simu kila mara, lakini picha zao zikabaki zilezile: nguzo imeota kichwani, miguu imekatwa, na anga tupu limejaza nusu ya picha.

Maisha ya Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908–2004) yanaonyesha kuwa jicho hufundishwa. Kabla ya kushika kamera kwa dhati, alisomea uchoraji jijini Paris kwa André Lhote, akazoea kupima mistari, maumbo na nafasi.

Iliyomvuta kwenye kamera ni picha ya Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria, inayofahamika kwa jina la Wavulana Watatu katika Ziwa Tanganyika. Watoto hao wanakimbilia mawimbi, wakiwa wameipa kamera mgongo. Sura hazionekani, miili yao imekuwa kama vivuli mbele ya povu jeupe, na kila mkono na mguu unasomeka peke yake. Furaha yao inaonekana kwa maumbo tu.

Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, Cartier-Bresson alimnasa mtu akiruka dimbwi, kisigino kikikaribia kugusa maji. Kivuli chake kimejirudia majini, na katika bango lililo nyuma yake yupo mchezaji dansi anayeruka vivyo hivyo. Sekunde moja baadaye picha hiyo isingekuwapo.

Kwa mpigaji wa kawaida, somo ni kukagua pembe zote nne kabla ya kubonyeza. Kama nguzo imesimama nyuma ya kichwa, hatua moja kando huiondoa. Anayetazama kushoto aachiwe nafasi upande huo. Aidha, mhusika akiwekwa theluthi moja kutoka ukingoni, picha mara nyingi huwa na uhai kuliko akiwa katikati.

Lipo pia zoezi alilolitumia Cartier-Bresson mwenyewe: kuitazama picha juu chini. Ikigeuzwa hivyo, jicho husahau ni nani aliyepigwa na kuona mizani ya mwanga na kivuli.

Zoezi hilo halina gharama, na ni afadhali lifanywe mapema, kwa kuwa bibi harusi huingia ukumbini mara moja tu.