Kompyuta yasaidia kutambua mwili unapoukataa moyo wa kupandikizwa

Mnamo Desemba 3, 1967, Dkt Christiaan Barnard alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine katika hospitali ya Groote Schuur, jijini Cape Town. Upasuaji wa aina hiyo haukuwa umewahi kufanywa duniani. Mgonjwa aliishi siku 18 pekee. Aliuawa na nimonia, kwa kuwa dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo huo zilikuwa zimedhoofisha kinga yake.

Mtihani huo ungalipo hadi leo. Kinga ya mwili hukiona kiungo kipya kuwa adui na kukishambulia. Daktari akipunguza dawa mno, kiungo huharibika. Akizizidisha, mgonjwa hubaki bila ngao dhidi ya maradhi.

Ili kubaini hali ilivyo, madaktari hupenyeza mrija mwembamba kupitia mshipa wa shingoni hadi moyoni, wakanyofoa vipande vidogo vya nyama. Mtaalamu wa patholojia huvichunguza kwa hadubini, akitafuta chembechembe nyeupe za damu zilizovamia misuli. Tatizo ni kwamba wataalamu wawili wanaweza kutazama kipande kimoja na kutoa majibu tofauti.

Hapo ndipo akili unde inapohitajika. Mnamo 2022, watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza katika jarida la Nature Medicine programu iitwayo CRANE. Programu hiyo ilionyeshwa maelfu ya picha za vipande hivyo pamoja na uamuzi wa madaktari pekee, bila kuelekezwa dalili zilipo. Ikajifunza yenyewe kuzitambua, na kuonyesha kwa rangi sehemu za kutiliwa shaka.

Ilipojaribiwa kwa picha za wagonjwa wa Uturuki na Uswisi, ilionyesha uwezo mzuri. Aidha, wataalamu walioitumia walikubaliana zaidi na kumaliza kazi haraka.

Hata hivyo, kompyuta haichukui nafasi ya daktari. Kila maabara ina namna yake ya kutia vipande rangi na kuvipiga picha, na tofauti hizo zinaweza kuipotosha. Kwa hivyo, hospitali yoyote itakayoitaka haina budi kuijaribu kwanza kwa vipande vya wagonjwa wake yenyewe, kabla ya kuitegemea katika kuamua kiasi cha dawa.