Mjomba alikula darasa, nami nikala naye

Leo naomba tuyaweke mapenzi pembeni kidogo. Najua wengi mnafungua ukurasa huu mkitafuta nani kampiga kibuti nani, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nirudi Kusini, na nisipolitema nitapaliwa.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani kwa mama yangu, kijiji kimoja katikati ya Nachingwea na Ruangwa. Jina la kijiji nalihifadhi, na mtaona kwa nini. Mjomba wangu alikuwa anamtoa mwali, binti yake wa mwisho. Kwa wale wa Dar msiojua, kutoa mwali huku ni shughuli kuliko hata harusi ya ukumbini Sinza. Pesa za korosho zikishaingia, ngoma zinalia kijiji hadi kijiji, na heshima ya mtu hupimwa kwa wingi wa watu waliojaa uani kwake.

Mjomba alijikamua kweli. Mbuzi wawili walichinjwa. Pilau lilipikwa masufuria matano. Muziki ulikodiwa Nachingwea mjini, spika zenye urefu wa mtu mzima. Saa nne asubuhi hakuna mtu. Saa sita, kimya. Saa nane mchana waliokuwepo ni sisi ndugu, watoto wadogo walioshika sahani, na yule kijana wa muziki aliyekuwa akipiga nyimbo na kuzicheza mwenyewe. Pilau likapoa. Mwali katolewa ndani kapambwa, anatazama uwanja mtupu.

Nikamfuata bibi jikoni. "Bibi, kulikoni? Kuna msiba kijijini?"

Bibi akaendelea kuchochea moto. "Hakuna msiba, mjukuu wangu. Hawa hawajaja kwa sababu ya lile darasa."

DARASA LENYEWE

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Msimu wa mwaka 2017 korosho zilipanda bei mpaka zikavuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye minada, na Kusini yote ilinukia hela. Watu walinunua pikipiki kama wananunua maandazi. Kijijini kwetu wazee wakakaa mkutano wakasema, jamani, kabla hatujazimaliza pesa hizi, tujenge darasa, watoto wanasoma chini ya mkorosho. Wakakubaliana kila kilo ikatwe shilingi 50. Kijiji kiliuza kama tani 300. Piga hesabu, msomaji wangu: shilingi milioni 15.

Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda, halafu zikasimama. Kwenye karatasi saruji iliyonunuliwa ilikuwa mifuko 200. Iliyofika kwenye eneo ni 120. Mabati yaliandikwa kuwa yamelipiwa, lakini hakuna aliyewahi kuyaona. Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono. Mjomba na wenzake wawili hawakumgusa mkono tu, walimnyang'anya sahani.

Wanakijiji wakasema tusubiri msimu ujao tumalizie. Msimu ujao ndio ule wa mwaka 2018, wakulima walipokataa bei ndogo za wanunuzi, na Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia kazini. Malipo yakachelewa, mifuko ikakauka, na darasa likabaki bila paa. Mvua zikanyesha ndani ya kuta. Leo kuna mpapai umeota pale ambapo mwalimu angesimama.

Kesi ikafika kwa wanaozuia rushwa. Mjomba aliitwa, akahojiwa, akatakiwa arudishe. Aliuza ekari nne za mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake, akarudisha fungu lake. Jela hakuiona. Lakini jela aliyopewa na kijiji haina ukuta wala tarehe ya kutoka.

MJOMBA AFUNGUKA

Usiku, baada ya muziki kuzimwa mapema kwa aibu, tulikaa barazani mimi na yeye. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mjomba, ilikuwaje?"

Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mjomba, sikuanza na darasa. Nilianza na elfu mbili ya muhuri."

Akanieleza. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Watu wanamgongea usiku wa manane, mara huyu kapigwa na mumewe, mara ng'ombe wameingia shambani, mara kuna maiti hana sanda. Mtu anakuja kutaka barua, anaacha elfu mbili ya soda. Kesho ya soda inakuwa elfu tano ya kuharakisha. Keshokutwa usipopewa unakasirika. "Siku ya saruji ilipofika," akasema, "mkono ulikuwa umeshazoea. Sikusikia hata moyo kudunda."

Nikaanza kumshushia maneno makali, si unajua tena sisi wa mjini tunavyojua kuhukumu. Akaniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akasema taratibu:

"Na wewe ile ada ya kidato cha tatu, kule shule ya bweni ya kulipia, ulidhani ilitoka wapi?"

Jamani! Nilihisi kama pilau la mchana linarudi. Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha tatu. Mama hakuwa na kitu. Mjomba alituma ada yote kwa mkupuo, na viatu vipya juu yake, na mimi nikatamba bwenini kwamba nina mjomba kigogo. Hii kalamu ninayoandikia leo ilinunuliwa kwa mabati ya watoto wa kijijini kwetu.

Kuna lingine. Sisi ni Wamwera, na kwa mila za zamani ukoo unafuata kwa mama. Mpwa ndiye mtu wa mjomba. Ile mikorosho aliyoiuza, kwa desturi, huenda ingekuja kuwa yangu. Kwa hiyo nilikula darasa la watu, halafu darasa likala shamba langu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na mimi ndio mfano hai.

PAMPU NAYO IKAFA

Wengi tunadhani hasara ya rushwa ni zile pesa zilizoliwa. Fungu la mjomba halikufika hata milioni tatu. Hasara kubwa ilikuja baadaye, pampu ya kisima ilipoharibika. Mwenyekiti mpya, ambaye hajaiba hata msumari, aliitisha mchango wa elfu tano kila nyumba. Watu wakamcheka. "Tulishachangia darasa," wakasema. Hakuna aliyetoa. Kina mama wakarudi kuteka maji bondeni, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na kati yao yumo mke wa mjomba mwenyewe, ndoo kichwani.

Mwizi mmoja anapoiba, msomaji wangu, waaminifu kumi wanaokuja nyuma yake wanafungiwa mlango.

Majirani zetu wa Liwale waliliona hili kwa moto. Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni ndugu wa ushirika. Hata chama kikuu chao, RUNALI, kimepewa jina kwa kuunganisha majina ya wilaya hizo tatu. Tangu mwaka 2007 korosho za Kusini zilianza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, pesa inarudi ikiwa imeshakatwa makato. Mfumo wenyewe si mbaya, lakini kila hatua ina mtu mwenye mizani au mwenye kalamu, na mkulima anabaki kumwamini. Mizani ikidanganya kilo mbili tu kwa gunia, wakulima 200 wenye magunia kumi kumi wamepoteza kilo 4,000. Kwa bei ya shilingi 3,000 hizo ni milioni 12.

Sasa Aprili 2013 wakulima wa Liwale wakaambiwa malipo ya pili ni shilingi 200 kwa kilo, wakati wao walikuwa wakisubiri 600. Huenda maelezo ya soko yalikuwa ya kweli, huenda hayakuwa. Hakuna aliyekuwa tayari kuyasikiliza. Vurugu zikazuka, nyumba za viongozi wa ushirika na wa siasa zikachomwa moto. Mimi siungi mkono kiberiti hata kidogo. Ila jiulize: moto ukishawaka, nani anakagua daftari kujua nyumba ipi ni ya mwizi na ipi ni ya mwaminifu?

WEWE WA MJINI USICHEKE

Najua kuna mshikaji yuko Kinondoni anasoma hapa anasema, hao ni watu wa porini. Haya, mara ya mwisho ulipokwenda serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, uliacha shilingi ngapi mezani? Na ulidai risiti? Mjomba alianza na elfu mbili kama hiyo hiyo, na aliyempa alikuwa mtu mstaarabu anayetaka mambo yaende haraka.

Tume ya Jaji Warioba iliyoundwa mwaka 1996 ilisema wala rushwa wako wa aina mbili: wenye dhiki na wenye tamaa. Mimi niliyekaa na mjomba barazani nasema kati ya hao wawili kuna ngazi, na ngazi yenyewe tunaitengeneza sisi kwa hizo elfu mbili mbili.

Dawa tunayo, ila ni ya kuchosha. Sheria inataka mkutano wa wanakijiji ufanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Kule kwetu, wakati saruji inaliwa, mikutano ilikuwa haina watu. Vijana tulikuwa kwenye mpira, wazee kwenye uraka. Nenda mkutanoni. Uliza mifuko mingapi imenunuliwa, halafu nenda ukaihesabu. Ukiona mchezo, TAKUKURU wana namba 113, haikatwi salio.

Asubuhi ya kuondoka nilimwambia mjomba nitaandika haya. Nilidhani atanipiga marufuku. Akasema, "Andika, mjomba. Jina langu liache, lakini andika. Huyu mwali wangu naye atazaa, na mtoto atahitaji darasa."

Akanisindikiza mpaka barabarani kungoja gari. Tulipita watu watatu njiani. Walinisalimia mimi.

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.