Karatasi, Kamba na Ukungu: Mapambo ya Sikukuu Uchaggani

Pambo la karatasi la sikukuu ni vipande vilivyokatwa kwa umbo moja na kutungwa kwenye kamba, kisha kamba ikavutwa ukutani, barazani au juu ya lango. Vipande vya pembetatu huitwa vibendera. Pete zilizoshikana ni mnyororo. Kila kipande kikibeba herufi, kamba nzima huwa bango la salamu. Moshi mjini na kwenye miteremko ya Kilimanjaro msimu wake mkubwa ni Desemba, Wachagga walioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko wanaporudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kula Krismasi.

Kalenda ya msimu huo imebanana. Tarehe 9 Desemba ni Uhuru, 25 ni Krismasi, 26 ni siku ya kupeana zawadi, kisha Mwaka Mpya, na 12 Januari ni Mapinduzi ya Zanzibar: sikukuu tano ndani ya wiki tano. Juu yake familia huongeza ubatizo na harusi, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho ndugu wote wapo. Nyumba inayotengeneza mapambo mapya kwa kila shughuli humaliza fedha na karatasi kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana pambo bora la nyumbani ni lile linaloweza kufunguliwa, kupangwa upya na kufungwa tena.

Krismasi yenyewe ilipanda mlimani pamoja na misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Hata hivyo, desturi ya kupamba lango haikungoja karatasi. Migomba mizima iliyosimikwa pande mbili za njia, pamoja na makuti yaliyopindwa kuwa tao, bado ndiyo mapambo ya kwanza ya harusi na ya mapokezi ya wageni wakubwa. Jani la sale ni jambo jingine. Masale yanayozungushia kihamba yana lugha yake: anayekuja na jani hilo anaomba msamaha au anatafuta suluhu. Mpambaji anayejua hayo huyaacha masale mpakani, akatafuta kijani chake kwingine.

Katika karatasi, inayotumika zaidi ni manila, ile nene ya rangi ambayo kila mwanafunzi aliyewahi kuchora ramani ya Tanzania ukutani anaijua. Jina lake limetoka Ufilipino, katika mji wa Manila, kwa sababu zamani ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba. Siku hizi hutengenezwa kwa rojo la mbao, lakini ule udugu wa zamani unapendeza kuukumbuka mahali ambapo kamba ya mgomba bado inafunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Ya pili ni karatasi nyeupe ya A4 yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi moja ya A4 ni sehemu ya kumi na sita ya mita ya mraba, kwa hiyo ina uzito wa gramu 5 tu. Ya tatu ni kaki. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imejaa majumbani, nayo ikifunguliwa na kunyooshwa kwa pasi ya moto mdogo hutoa vibendera imara visivyogharimu chochote. Rangi ya udongo ya kaki hukaa vizuri na herufi nyeusi au nyeupe.

Karatasi laini yenye makunyanzi, inayouzwa kwa mikunjo katika maduka ya vifaa vya shule, inavutia macho kuliko zote na ndiyo inayosumbua kuliko zote. Rangi yake haijashika barabara. Ikiguswa na tone la mvua au ukungu mzito, nyekundu humwagika ukutani, na chokaa iliyonywa wekundu huo haisafishiki. Inafaa sebuleni; barazani haifai.

Ukungu ndio adui mkuu wa kazi hii. Moshi mjini iko mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Desemba mara nyingi ni ya jua. Vihamba vinapanda kutoka mita 1,000 hivi hadi karibu mita 1,800, na huko juu asubuhi moja ya ukungu inatosha kulegeza pambo lililokaa wiki nzima mjini bila tatizo. Sababu yake imo ndani ya karatasi. Rojo linapopita mashineni, nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mmoja. Zikinywa unyevu hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka upande mmoja na kujikunja kama gamba la mgomba lililokauka.

Mwelekeo wa nyuzi unaweza kujulikana kwa mkasi tu. Tepe mbili zenye upana na urefu sawa hukatwa kutoka karatasi moja, moja kwa kufuata urefu wake na nyingine kwa kufuata upana. Zikishikwa pamoja kwenye ncha, moja huinama haraka na nyingine hubaki imenyooka zaidi. Iliyonyooka ndiyo yenye nyuzi zinazofuata urefu wa utepe. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, na hapo ndipo vibendera vingi vinapoharibikia. Anayekata pembetatu pana zenye kimo cha sentimita 21 hupata vibendera ambavyo ncha zake hupanda juu unyevu unapoingia. Akiigeuza karatasi na kukata pembetatu nyembamba zenye kimo cha karibu sentimita 30 na kitako cha sentimita 10 na nusu, moja ikitazama juu na nyingine chini, anapata idadi ileile, yaani tatu nzima na nusu mbili, lakini ncha zinaning'inia zimenyooka.

Kamba ya mita nne yenye kibendera kila baada ya sentimita 16 inabeba vibendera 25, na karatasi tisa za A4 zinatosha. Kitako cha kila pembetatu hukunjwa sentimita mbili juu ya kamba na kugandishwa upande wa nyuma. Manila hupasuka inapokunjwa bila maandalizi, kwa hiyo mstari wa mkunjo hupitiwa kwanza kwa mgongo wa kisu na rula.

Gundi ya nyumbani hupikwa kwa unga wa ngano. Kijiko kimoja cha unga hukorogwa kwa maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, ndipo maji mengine hadi vijiko vitano yanapoongezwa, na mchanganyiko hukorogwa juu ya moto mdogo mpaka ung'ae na kuwa mzito kama uji wa mtoto. Hupakwa ukiwa umepoa, tena kwa uchache, kwa sababu maji ya gundi yenyewe hukunja karatasi. Punje ya shabu ikisagwa na kutiwa humo huchelewesha kuvu. Mende na panya wanaipenda gundi hii kama chakula, jambo ambalo litarudi wakati wa kuhifadhi. Stepla ni ya haraka zaidi, ila pini zake hushika kutu kwenye unyevu wa mlimani na kuacha madoa ya kahawia.

Kwa kamba, katani nyembamba ndiyo ya kwanza. Ina mikwaruzo inayozuia vibendera kuteleza na kurundikana katikati, kasoro ya mshipi wa nailoni. Kamba ya mgomba hupendeza kwa rangi yake, lakini ikikauka sana hukatika. Hulowekwa na kusokotwa nyuzi mbili pamoja kabla ya kutumika. Wanaoanza hudhani kamba ivutwe mpaka inyooke kabisa. Kamba yenye mzigo hainyooki, na kila mlegeo unapopunguzwa kwa nusu, mvuto kwenye misumari unakuwa maradufu. Msumari unang'oka na kipande cha plasta. Mlegeo kidogo ni salama na una sura nzuri: mahali pa mita nne, kamba iliyozidi kwa sentimita 10 na kidogo tu hushuka kiasi cha sentimita 40 katikati.

Mnyororo wa pete ni kazi ya watoto na hauhitaji maelezo marefu. Tepe za upana wa sentimita tatu na urefu wa sentimita 21 hugandishwa ncha kwa ncha, kila moja ikipita ndani ya iliyotangulia.

Umbo linalostahili kuelezwa zaidi ni ua la theluji. Kwingi Afrika Mashariki pambo hilo ni la kuazima, mtu anakata kitu asichowahi kukiona. Moshi hali ni tofauti: asubuhi mawingu yakifunguka, weupe wa kilele cha Kibo unaonekana kutoka stendi ya mabasi. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji kwenye mlima huu ulio karibu na ikweta, mwanajiografia William Cooley wa London alikataa kuamini, huku watu wa Uchagga wakiwa wanaiona kila siku. Ua la theluji la kweli lina mikono sita, kwa sababu chembe za maji zinapoganda hujipanga kwa pembe sita. Watoto wengi hukata lenye mikono minane, maana hukunja karatasi nusu kwa nusu tu. Ili kupata sita, duara hukunjwa nusu, nusu hiyo hukunjwa sehemu tatu zilizo sawa, kisha kabari inayobaki hukunjwa tena katikati. Hapo kuna matabaka 12, na mkasi wa kawaida unayapita kwa karatasi nyepesi lakini unagoma kwa manila.

Rangi huchaguliwa kwa macho ya anayetazama kutoka mbali. Nyekundu juu ya kijani ni mchanganyiko maarufu wa Krismasi, lakini kwa maandishi haufai, kwa kuwa rangi hizo hukaribiana kwa uzito na herufi hupotea ndani ya kadi. Nyeusi juu ya njano husomeka toka barabarani. Kwa vibendera visivyo na maandishi, kijani na nyekundu ni za mlimani kwa haki kabisa: Desemba mkrismasi unachanua mwekundu mitaani, na buni za mwisho zinaiva chini ya migomba. Uhuru una rangi zake. Kijani, njano na nyeusi zilikuwa kwenye bendera ya Tanganyika ya 1961; buluu iliongezeka baada ya Muungano wa 1964.

Mapambo ya nje yanaweza kukingwa kwa nta. Mshumaa mweupe husuguliwa pande zote mbili za karatasi iliyokwisha kukatwa na kugandishwa, kwa sababu gundi haishiki juu ya nta. Maji huteleza, na pambo hustahimili manyunyu ya siku kadhaa. Kinga hiyo ina gharama: karatasi yenye nta huwaka kwa kasi. Haifai kabisa karibu na jiko la mkaa, koroboi, mishumaa ya mezani au moto wa kubanikia ndafu, yaani mbuzi mzima. Hata karatasi kavu ya kawaida ihesabiwe kama kuni, na balbu ya moto isiguswe na mnyororo.

Bango la salamu ndilo linalolipa zaidi kwa kazi yake. Kila A4 ya manila hukatwa katikati kupata kadi mbili, na kila kadi hubeba herufi moja, yenye mistari minene kuliko mkono unavyopenda kuandika. Matundu huwa mawili, karibu na ukingo wa juu. Kadi yenye tundu moja huzunguka na kuonyesha mgongo upepo unapopita. Kamba hupita nyuma ya herufi. Kabla ya kutunga, kadi zote hupangwa sakafuni na kusomwa na mtu mwingine, maana aliyezikata huwa amezizoea kiasi cha kutoona kosa. KRISMASI NJEMA ina herufi 13 na huchukua karibu mita mbili na nusu kwa nafasi za kawaida. Kadi zisigandishwe kwenye kamba.

Wageni wanapoondoka Januari, kamba huzungushwa kwenye kipande cha boksi na kadi hulazwa bapa ndani ya bati la biskuti lenye mfuniko, pamoja na majani makavu ya mwarobaini, mbali na mende walionusa gundi. Zile herufi 13 bado zina kazi. Ukoo mmoja wa Moshi waweza kuwa na Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, na neno NJEMA ni la wote. Kwa PASAKA, K, S na A tayari zipo. Zinahitajika P moja na A mbili. Kwa IDI, I mbili zimo ndani ya KRISMASI. Inahitajika D peke yake. Kadi nne za ziada, yaani A4 mbili za manila, zinatosha kwa mabango ya sikukuu tatu.